Kukausha mzunze, mrehani na mchaichai katika hewa ya Mombasa

Jani linalovunjika mkononi saa nane mchana si lazima liwe limekauka. Hapa Mombasa huvunjika saa nane, likalegea saa mbili usiku, na ukilitia chupani katikati ya hali hizo mbili, wiki ya tatu ukifungua kifuniko unapokewa na harufu ya kabati lililofungwa masika yote. Maelekezo mengi ya kukausha majani ya nyumbani yameandikwa na watu wa nchi kavu: ning'iniza shada jikoni, ngoja wiki mbili, hifadhi. Huko kwao huenda ikafaa. Likoni, Kisauni au Mji wa Kale, shada hilo hilo litaota kuvu kwa ndani kabla vikonyo havijaanza kusinyaa.

Sababu yake ni rahisi kuieleza. Jani hutoa maji kwa hewa, au huyapokea kutoka kwa hewa, mpaka pande mbili zilingane. Kwa kawaida kuvu haina nguvu pale unyevu wa hewa inayolizunguka jani ukiwa chini ya asilimia 60 au 65. Hewa ya Mombasa ni nadra kushuka hapo. Mchana wa kaskazi, mwezi wa kwanza na wa pili, hukaribia 65. Usiku, hasa mwezi wa tano mvua zikiwa zimekolea, mara nyingi hupita 90. Jani lililoachwa kwenye hewa ya asilimia 80, hata likae mwezi mzima, hubaki na maji zaidi ya asilimia 14 ya uzito wake. Nasi twataka lifike chini ya 10, na kwa unga wa mzunze, yaani mlonge, chini zaidi ya hapo. Kwa hiyo kivuli na upepo vitaifanya sehemu kubwa ya kazi, lakini havitaimaliza. Kuimalizia kwataka joto kidogo, na hapo ndipo wengi hukomea njiani.

Joto lenyewe halihitaji kuwa kali. Chukua hewa ya nyuzi 28 yenye unyevu wa asilimia 80, ipashe mpaka nyuzi 35 bila kuiongeza maji: unyevu wake hushuka hadi 54 hivi. Ifikishe nyuzi 40, inakuwa 41. Nyuzi 45, inakuwa kama 32. Maji yaliyomo ni yale yale. Ila hewa moto ina nafasi kubwa ya kubeba mengine, na hiyo nafasi ndiyo inayolivuta jani. Ukilishika hili, mengine yote ni namna tu ya kulitekeleza.

Kuvuna na kuosha

Vuna umande ukishapukutika na kabla jua halijakolea, yaani kati ya saa mbili na saa nne asubuhi. Siku iliyofuata mvua ya usiku iache ipite. Mrehani hukatwa vichipukizi vya maua vinapoanza kujitokeza lakini havijafunguka, maana hapo ndipo majani yana mafuta mengi ya harufu. Acha angalau theluthi moja ya mmea ili uchipue tena. Mzunze hukatwa matawi yenye majani yaliyokomaa, si yale ya kijani chepesi ya ncha, ambayo hukauka yakawa vumbi. Mchaichai hukatwa sentimita 10 hivi juu ya ardhi.

Usiyalundike. Majani yaliyokatwa bado yanapumua, na lundo la kilo chache kwenye gunia hupata joto lake lenyewe katikati. Ukitia mkono ukakuta vuguvugu, ujue kahawia imeshaanza. Hasa mzunze: ndani ya saa chache uwe umeshaoshwa na kutandazwa.

Kuosha kuna jambo la kwetu ambalo watu wa bara hawalijui. Chumvi ya mezani huanza kunyonya maji kutoka hewani unyevu ukipita asilimia 75, ndiyo maana kichupa cha chumvi Mombasa huganda na kulowa. Mmea ulio karibu na bahari, hasa wakati wa kusi, huwa na utando mwembamba wa chumvi juu ya majani. Ukiukausha hivyo hivyo, kila jani limevaa sifongo: kila usiku litalowa upya. Kisima cha nyumbani nacho mara nyingi kina maji ya chumvi, kwa hiyo kuosha kwa maji ya kisima peke yake ni kuondoa vumbi na kupaka chumvi. Kosha la mwisho liwe la maji matamu, ya bomba au ya mvua yaliyotegwa vizuri.

Wapo wanaoloweka mzunze kwenye maji ya chumvi ya asilimia moja, gramu 10 kwa lita, kwa dakika 3 hadi 5 ili kupunguza vijidudu. Haidhuru, mradi baada ya hapo uusuuze kwelikweli. Asiyekuwa na maji matamu ya kutosha bora aiache hatua hiyo.

Maji ya juu ya jani yaondoke upesi. Tia majani ndani ya foronya safi, toka uani, izungushe kwa nguvu mara ishirini au thelathini. Ukipita mtaani unaonekana kama aliyepandwa na kitu, lakini unaokoa nusu siku ya kukausha. Kisha tandaza juu ya kitambaa mpaka usione tone lolote. Mrehani ulioingia kaushioni na matone hutoka na madoa meusi, na weusi huo hauondoki.

Kupukuchua na kutandaza

Mashada yaning'inizwe na wenye hewa kavu. Hapa pukuchua. Kikonyo kinashika maji kuliko jani, na kikiachwa kitalirudishia jani maji yake baada ya wewe kudhani kazi imekwisha. Mzunze toa vijani kwenye vijiti vyake vyote. Nana na mrehani vua majani mazima bila kuyapondaponda. Palipobinywa panakuwa peusi. Mchaichai kata vipande vya sentimita 2 hadi 3 kwa mkasi mkali, na lile shina jeupe la chini lipasue katikati kwa urefu ulikaushe peke yake, kwa sababu litachukua karibu mara mbili ya muda wa majani. Anayeshikilia kuning'iniza basi afunge vijiti vitano tu, tena kwa mpira, si uzi: vijiti husinyaa, uzi ukalegea, shada likaanguka sakafuni.

Uteo unafaa kwa kiganja cha majani ya chai ya jioni. Kwa zaidi ya hapo hauna faida, kwani umesukwa umefumbana na hewa haipiti chini. Piga fremu ya mbao ya sentimita 60 kwa 90, uivalishe wavu wa nailoni kama wa chandarua, uuvute ukaze. Wavu wa waya usiutumie. Hewa ya bahari huula kutu ndani ya msimu mmoja, na kutu huhamia kwenye majani. Kipimo ni kilo moja ya majani mabichi kwa mita mraba moja, hivyo fremu moja ya ukubwa huo inabeba nusu kilo. Utaona kama umeipunja. Hujaipunja. Zipange moja juu ya nyingine kwa nafasi ya sentimita 15 au 20, miguu ya chini itie kwenye makopo yenye maji ili sisimizi wasipande, na juu funika kwa chandarua chepesi.

Chumba kiwe na giza. Jua la moja kwa moja huua rangi, na kwa mzunze huharibu sehemu kubwa ya vitamini A ambayo ndiyo watu wanaikaushia. Kuanika juu ya mabati au kwenye jamvi uani kwaonekana haraka, ila unachopata ni majani ya manjano yenye mchanga na kinyesi cha kunguru.

Pangaboi liende polepole, na kama una feni ya mezani iweke ipulize chini ya fremu kwa ubavu, si juu ya majani, maana yakishakuwa mepesi yatapeperuka yote. Madirisha yafunguliwe saa nne asubuhi, yafungwe saa kumi jioni. Kuacha wazi usiku ni kuyanywesha majani. Usiku feni iendelee ndani ya chumba kilichofungwa. Geuza majani mara mbili kwa siku kwa mikono mikavu.

Mwenye kiyoyozi ana njia fupi. Chumba kidogo kilichofungwa, kiyoyozi kikiwa kwenye alama ya tone la maji au kwenye nyuzi 25, hushuka unyevu mpaka 50 au 55, na majani hukauka bila joto huku harufu ikibaki karibu yote. Bili ya umeme itasema yake, kwa hiyo ni kwa mavuno makubwa tu, au kwa mwezi wa tano ambapo njia nyingine zote zinachechemea.

Kwa hatua hii ya kwanza, wakati wa kaskazi, mzunze huchukua siku mbili hivi, nana na mrehani tatu hadi tano, mchaichai tatu au nne. Masika usihesabu siku. Yakipita siku mbili bado yamelegea, usiendelee kusubiri. Yapeleke kwenye joto hivyo hivyo, ukianzia nyuzi 35. Jani linalokawia kukauka hupoteza ukijani na kunukia nyasi za ng'ombe.

Saa za mwisho

Majani yakishakuwa makavu kingoni lakini bado yanapinda bila kuvunjika katikati, yahamishie kwenye nyuzi 40 hadi 45 kwa saa mbili mpaka nne. Utaratibu ni poa kwanza, moto baadaye. Ukigeuza, ukaanza na nyuzi 50 au 60 wakati jani bado limejaa maji, unalipika: linakuwa la rangi ya mchicha uliochemka. Mrehani na nana zinaumia zaidi kwa sababu harufu yake ni mafuta yanayoruka kwa joto. Chumba kikinukia vizuri sana, ujue harufu imo hewani na si majanini tena. Kwa vitu vinene kama shina la mchaichai au pilipili, joto la mapema lina kosa jingine: ngozi ya nje hukauka na kuziba, ndani maji yakabaki hayana pa kutokea.

Mashine ya umeme yenye trei ndiyo rahisi kuliko zote, ila usiamini namba iliyoandikwa kwenye kitufe. Weka kipimajoto ndani. Oveni nyingi za gesi haziwezi kushuka chini ya nyuzi 100 na ushei, kwa hiyo hazifai hata mlango ukiwa wazi. Oveni ya umeme yenye feni inayoshuka hadi 40 au 50 yafaa, mlango ukiachwa wazi kwa upana wa kijiko cha mwiko ili mvuke utoke.

Sanduku la jua laweza kujengwa kwa vipande vilivyobaki kwa fundi. Sehemu mbili. Ya kwanza ni sanduku la kupashia hewa: urefu sentimita 120, upana 60, kina 10 hadi 15, chini limewekwa bati lililopakwa rangi nyeusi isiyong'aa, juu kioo au nailoni nzito inayopitisha mwanga. Upande wa chini liachwe wazi kwa upana wote, lizibwe kwa wavu tu. Ya pili ni kabati la fremu, lisilopitisha mwanga, lililounganishwa na upande wa juu wa sanduku, nalo lina tundu la kutolea hewa juu kabisa, kubwa angalau kama la kuingilia. Watu wengi hukosea hapo: hulifanya tundu la juu dogo ili "joto lisipotee", kisha kabati linakuwa bafu la mvuke. Hewa iliyobeba maji sharti itoke.

Sanduku liinuke kidogo, kama nyuzi 10 au 15 za mwinamo. Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa ikweta, jua la mchana liko karibu utosini mwaka mzima, kwa hiyo mwinamo si wa kulifuata jua bali wa kuipandisha hewa. Lielekeze popote pasipo kivuli cha mnazi wala cha ukuta wa jirani. Tumia kuanzia saa nne hadi saa tisa. Kipimajoto kikipita 50, ongeza upana wa tundu la juu au funika robo ya kioo kwa gunia. Saa kumi toa majani, yawe yamekauka au hayajakauka, yatie kwenye chombo kisichopitisha hewa mpaka kesho. Kuyaacha humo usiku ni kuanza upya.

Seredani ya makaa chini ya fremu hapana. Jani hunyonya moshi kuliko unavyodhani, chai yake itanukia samaki wa kuchoma, na makaa ndani ya chumba kilichofungwa yana hewa ya sumu inayoua watu wakiwa wamelala. Gari lililoegeshwa juani nalo hupanda kupita nyuzi 60 likiwa na mwanga tele, kwa hiyo majani hupikwa na kupauka kwa pamoja.

Kujua yamekauka

Kuvunja kwa kidole ni dalili ya kwanza, si hukumu. Mizani ya jikoni husema kweli zaidi: pima, rudisha kwenye joto saa mbili, pima tena. Tofauti ikiwa chini ya asilimia moja, maji yaliyobaki hayatatoka kirahisi. Na kama uliandika uzito wa mwanzo, unajua pa kutarajia kufika. Kilo moja ya mzunze uliopukuchuliwa huishia karibu gramu 240. Mrehani, ambao ni maji matupu, gramu 90 tu. Nana gramu 150 hadi 200. Ukipata gramu 130 za mrehani kutoka kilo moja, hujabarikiwa. Una maji chupani.

Hukumu yenyewe ni ya kipima unyevu, vile vidogo vya kidijitali vya kuingia ndani ya chupa. Kijaribu kwanza, kwani vingi hudanganya kwa pointi tano au zaidi. Jaza kifuniko cha soda chumvi ya mezani, idondoshee maji mpaka iwe kama tope zito, si majimaji, iweke pamoja na kipima ndani ya chupa iliyofungwa barabara. Baada ya saa 8 hadi 12 kinapaswa kusoma 75. Kikisoma 79, andika kwa kalamu nyuma yake: toa 4.

Sasa jaza chupa ya kioo theluthi mbili kwa majani yaliyopoa kabisa. Yakiingia yakiwa moto yatatoa jasho. Tia kipima, funga, acha saa 24 mahali penye kivuli. Kikisoma chini ya 55, umemaliza. Kati ya 55 na 65, yarudi kwenye nyuzi 40 saa moja au mbili. Juu ya 65, yamwage kwenye fremu saa hiyo hiyo, usingoje kesho. Hata yakifaulu, itikise chupa kila siku kwa siku saba na uiangalie kioo kwa ndani: ukungu au tone ni ishara kwamba vipande vinene bado vinatoa maji. Lakini usiache chupa wazi "ipumue" usiku wa mwezi wa tano. Kinachoingia ni kingi kuliko kinachotoka. Ukitaka kuifungua, fungua mchana, dakika chache.

Yanapoharibika

Nyuzi nyeupe, vumbi la kijivu au harufu ya godauni: mwaga chupa nzima. Kuchagua majani mazuri hakusaidii, na kuyaanika tena kutaisimamisha kuvu tu, lakini sumu zilizokwisha kutengenezwa hubaki, hata ukichemsha chai.

Fukusi wadogo wa kahawia, hao hao wanaotoboa viungo vilivyokaa sana dukani Marikiti, huingia na mayai yaliyobebwa kutoka shambani au jikoni. Funga majani makavu kwenye mfuko usiopitisha hewa, weka kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa siku nne. Ukitoa, usifungue mpaka mfuko upoteze baridi yote, la sivyo hewa yetu itamwaga maji juu ya majani baridi kama inavyofanya kwenye chupa ya soda.

Hifadhi majani mazima, chupa za kioo, gizani, mbali na jiko, tarehe ubavuni. Mwaka mmoja harufu ya mrehani imekwisha hata kama hauna kosa. Saga unapohitaji. Mzunze ukisagwa hunyonya hewa upesi mno, hivyo usage mchana wa jua, si jioni, kisha unga wenyewe uutandaze kwa unene wa karatasi chache kwenye nyuzi 50 kwa nusu saa kabla ya kuufunga. Chupa ndogo ndogo ni bora kuliko moja kubwa: kila unapofungua kifuniko, Mombasa inaingia.